Alien 3 na kosa la kumuua stelingi: utetezi wa filamu iliyozaliwa vibaya

Kosa kubwa la Alien 3 linatendeka kabla mtazamaji hajakaa sawasawa kwenye benchi. Majina ya waigizaji bado yanapita, muziki ndiyo kwanza unapanda, na tayari Newt amekufa. Ni yule mtoto wa kike ambaye filamu ya pili nzima ilikuwa vita ya kumnasua kwa madude ya angani yanayoua watu, na sasa amekufa maji ndani ya kitanda chake cha usingizi. Koplo Hicks naye kafa, kachomwa na chuma. Bishop, roboti mwaminifu, kabaki vipande vya kutupwa jalalani. Hakuna pambano wala kuagana. Walikuwa wamelala, moto ukawaka ndani ya meli yao ya angani, chombo cha kujiokoa kikawatema kwenye sayari ya wafungwa, na aliyeamka ni stelingi, Ellen Ripley, peke yake.

Kwenye mabanda ya video ya Mtwara mjini, Chikongola hadi Magomeni, sheria ilikuwa moja: stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatekwa, atafungwa kamba, atalia, lakini hafi. Wenzake wanaweza kufa, hasa yule rafiki mcheshi, ila wale aliowaokoa kwa jasho lake hawaguswi. Filamu hii inaivunja sheria hiyo mara mbili. Mwanzoni inawaua waliookolewa, mwishoni inamuua stelingi mwenyewe. Mzee mmoja tuliyekuwa tukitazama naye aliwahi kuniuliza, "Sasa mwanangu, kule nyuma tumehangaika saa mbili na zaidi kumwokoa yule binti, ili aje afe usingizini?" Nikamwambia ndiyo, mzee wangu, ndivyo ilivyo. Akasema basi hao waliotunga hawajui kusimulia.

Mimi naitetea. Ila utetezi wa "nzuri ile, ninyi tu hamkuielewa" siutaki, maana filamu ina makosa ya kweli na yanaonekana. Kinachonikera ni kwamba lawama zake zimevurugana. Mtu anaanza kulalamikia kifo cha Newt, anaendelea na dude lililobandikwa vibaya kwenye picha, anamalizia na habari za ugomvi wa studio, yote kwa pumzi moja, kana kwamba ni kosa lilelile. Si lilelile. Mengine ni ajali za utengenezaji, mengine ni uzembe, na moja, hilo wanalolichukia zaidi, ndilo jambo bora filamu hii ililo nalo.

Tuanze na utengenezaji. Alien ya kwanza ilitoka 1979, ikiongozwa na Ridley Scott. Ilikuwa na wafanyakazi saba ndani ya meli ya mizigo ya angani na dude moja lililobuniwa na msanii wa Uswisi, H.R. Giger. Ya pili, Aliens ya James Cameron, ilitoka 1986 na kuigeuza hofu kuwa vita: askari, bunduki, madude kwa makumi, na Ripley kukabiliana na malkia wao kwa ajili ya mtoto. Zote mbili zilipata pesa na sifa. Studio ya 20th Century Fox ikataka ya tatu, na hapo mambo yakaharibika.

William Gibson, mtunzi wa riwaya za kisayansi, aliandika skripti ambamo Hicks na Bishop ndio wanaobeba hadithi huku Ripley akiwa hana fahamu. Haikutumika. Eric Red akaandika nyingine, nayo ikatupwa. David Twohy akaleta gereza la angani. Renny Harlin, aliyekuwa ameshikwa aiongoze, akachoka kusubiri akaondoka. Kisha akaja Vincent Ward wa New Zealand na wazo ambalo wapenzi wa mfululizo huu bado wanalisikitikia: sayari iliyojengwa kwa mbao, wakazi wake ni watawa wanaoishi kama watu wa karne za kale, na dude likishuka kwao wanaliona ni Ibilisi. Seti zikaanza kujengwa. Studio ikaingiwa na wasiwasi juu ya hayo mambo ya mbao, Ward naye akaondoka, na watayarishaji Walter Hill na David Giler wakakaa kuliunga gereza la Twohy na utawa wa Ward. Wakapata wafungwa walioshika dini.

Kazi hiyo akakabidhiwa David Fincher, kijana wa miaka 28 aliyejulikana kwa video za muziki, zikiwemo za Madonna, na ambaye hakuwahi kuongoza filamu ndefu hata moja. Upigaji picha ulianza mwanzoni mwa 1991 kwenye studio za Pinewood, Uingereza, skripti ikiwa bado inaandikwa. Mpigapicha mkuu, Jordan Cronenweth, akalazimika kuacha mapema kwa ugonjwa wa Parkinson, nafasi yake akaichukua Alex Thomson. Fincher na studio hawakuelewana karibu kwa kila jambo. Kazi ikasimamishwa, vipande vingine vikaja kupigwa Los Angeles, na mwongozaji akajiondoa kabla toleo la mwisho halijakamilika. Filamu ilitoka Mei 1992. Fincher hajawahi kuikubali tangu siku hiyo, pamoja na kwamba baadaye alikuja kutengeneza Seven, Zodiac na The Social Network, kazi ambazo hazihitaji mtu wa kuzitetea.

Wanaoipinga husema: kitu kilichotengenezwa hivyo kitakuwaje kizuri? Mtu wa Lindi ana jibu lake nyumbani. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima cha Tendaguru. Wapagazi wa huku wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na leo mmoja wa wanyama hao amesimama kwenye jumba la makumbusho mjini Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. (Kama arudishwe au asirudishwe ni ugomvi mwingine, na upande wangu unajulikana.) Ukimtazama unaona mnyama mmoja. Kumbe ameungwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja, na palipopungua pakajazwa plasta. Lakini hakuna anayesimama mbele yake akasema huyu hakuwahi kuishi. Anayejua mambo huuliza kama viungo vinakubaliana. Alien 3 nayo imeungwa kwa mifupa ya skripti kadhaa, na mimi nauliza hilohilo. Uti wa mgongo na kifua vimekaa mahali pake. Miguu ndiyo imepishana.

Miguu hiyo niimalize haraka, maana siitetei. Yai lililowafuata hadi ndani ya meli lilitoka wapi? Mwishoni mwa filamu ya pili malkia alikwisha kunyofoka kwenye mfuko wake wa kutagia, na filamu ya tatu haijishughulishi kutueleza alitaga saa ngapi. Lile dudu la kurukia uso, ambalo kwa kanuni ya filamu ya kwanza hupandikiza mbegu moja kisha hufa, safari hii linaonekana limepandikiza kwa Ripley na kwa mbwa wa gerezani. Wafungwa wenyewe wamenyolewa vipara wote kwa sababu ya chawa, wamevaa makoti ya rangi moja, na wengi wao wanaongea Kiingereza cha mitaa ya Uingereza, kiasi kwamba hata mtu aliyeizoea lugha hiyo anachanganyikiwa nani kafa na nani bado yupo. Pale wanapoanza kulikimbiza dude kwenye vichochoro ili kulifungia kwenye tanuri, milango inafungwa hapa na kufunguliwa pale, na hakuna anayejua nani yuko wapi. Nasikia wengine wakisema mvurugano huo umekusudiwa. Sidhani.

Dude lenyewe lina sura mbili. Anapokuwa Tom Woodruff Jr. ndani ya lile vazi, karibu kabisa na uso wa Ripley, mate yakichuruzika, linatisha kama lilivyotisha 1979. Linapokimbia juu ya dari, ni mwanasesere wa vijiti aliyepigwa picha peke yake kisha akabandikwa juu ya picha ya seti, na kingo zake zinaonekana waziwazi. Kazi hiyohiyo ilipendekezwa kuwania tuzo ya Oscar ya madoido ya picha, kwa hiyo huenda macho yangu ndiyo yenye kisirani.

Sasa tuje kwenye uti wa mgongo, yaani uamuzi wa kuua.

Tuseme Newt na Hicks wangeachwa hai. Ripley angekuwa na mtoto, na mwanamume wa kumlinda ambaye ni askari. Familia hiyo ikikutana na dude ingefanya nini? Ingetafuta bunduki, na tungerudishiwa filamu ya pili, safari hii ikiwa imepoa. Aliens iliwapa watazamaji ahadi tamu: ukipenda kwa dhati na ukawa na silaha ya kutosha, wako watapona. Ni filamu nzuri mno na siigusi. Ila ahadi hiyo haikuwemo kwenye filamu ya kwanza. Kule, watu walikufa bila kujali walikuwa wema au wabaya, na Ripley alipona kwa akili yake na kwa bahati. Alien 3 inarudi kwenye ukweli ule wa kwanza na kuupeleka mbele zaidi: hata uliowaokoa hukuwaokoa milele. Unaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado ukaamka peke yako.

Inauma, na ndiyo maana nashangaa mtu anayeingia kutazama filamu ya kutisha kisha akalalamika kwamba imemwumiza. Lawama ingekuwa ya haki kama filamu ingewaua wale watu kisha ikawasahau. Haiwasahau. Sehemu yake kubwa ya mwanzo ni msiba. Ripley anataka maiti ya Newt ipasuliwe, maana anahofia mtoto alikuwa na dude kifuani, na kwa kuwa hawezi kusema hivyo anadanganya kwamba anaogopa kipindupindu. Kamera haituonyeshi upasuaji. Inatuonyesha uso wa Sigourney Weaver, anayemwigiza Ripley, akisikiliza. Kwangu mimi hakuna tukio zito kama hilo kwenye mfululizo mzima, na haliwezekani kama Newt yuko hai.

Halafu mazishi. Gereza lile ni kiwanda cha kuyeyushia madini ya risasi, kwa hiyo maiti mbili zinasukumwa kwenye tanuri. Kwa sisi wa huku, tuliozoea maiti kuoshwa, kuvikwa sanda na kusindikizwa na mtaa mzima, kumchoma mtoto ni jambo gumu hata kulitazama, na bandani hapo makelele yalikuwa yakikatika yenyewe. Mkuu wa gereza, Andrews, anasoma maneno yake ya kiserikali. Kisha Dillon, kiongozi wa dini wa wafungwa, anayeigizwa na Charles S. Dutton, anachukua neno bila kuombwa. Anauliza kwa nini wasio na hatia waadhibiwe. Hajibu. Anasema tu kwamba ndani ya kila mbegu mna ahadi ya ua, na ndani ya kila kifo, hata kiwe kidogo vipi, muna uhai mpya. Na wakati anasema hivyo, mhariri Terry Rawlings anakatisha picha kutupeleka bandani kwa mnyama ambako dude linapasua mwili na kutoka. Uhai mpya ndio huo. Maneno ya Dillon yanabaki kuwa faraja ya kweli, maana yeye anayaamini na Ripley anayahitaji, na palepale yanakuwa kejeli ya kutisha. Filamu haikuchagulii upande. Mtu aniambie ni wapi kwenye filamu ya pili pana dakika tatu zenye uzito huo.

Kuna jambo jingine ambalo watazamaji wa miaka ya 1990 walilihisi hata bila kulitaja. Ripley anaanza kujisikia vibaya, pua inatoka damu, anaingia mwenyewe kwenye mashine ya kupiga picha mwili na kuomba aambiwe kilichomo. Aliyeko nje, Aaron, msaidizi wa mkuu wa gereza, anaona jibu kabla yake, kwamba kifuani mwake mna dude changa, tena malkia, na hajui aseme vipi. Baadhi ya wahakiki wa Marekani waliiona mapema kama filamu ya zama za ukimwi: jamii ya wanaume waliotengwa, vichwa vilivyonyolewa, damu, mwili unaobeba kifo cha mwenye mwili na hatari kwa wengine. Huku kwetu miaka hiyo, kila mtaa ulikuwa na mtu aliyepima na mtu anayeogopa kupima. Haikuhitajika shule kuelewa lile tukio la mashine. Na jibu la Ripley baada ya kujua, kwamba uhai wake uliobaki ni mfupi na sasa afanye nini nao, ndilo linaloibeba filamu mpaka mwisho.

Ona pia inavyomtumia Clemens, daktari wa gereza, aliyeigizwa na Charles Dance. Anatuliza, ana siri, anakuwa karibu na Ripley. Mzoefu wa filamu anajua huyu ndiye mwenza mpya. Anamsimulia jinsi zamani, akiwa mlevi na mwenye uraibu wa mofini, alivyoandika vipimo vibaya vya dawa baada ya ajali kiwandani, na watu 11 wakafa kwa kosa lake. Ametubu, amefungwa, amebaki pale kwa hiari. Kwenye filamu nyingine maungamo ya namna hiyo yangemnunulia uhai hadi mwisho. Hapa, hajamaliza hata kumchoma Ripley sindano, dude linashuka nyuma yake na kummaliza. Wanaoilaumu wanasema filamu imejinyang'anya mtu wake mzuri kuliko wote. Ni kweli imejinyang'anya, na nusu ya pili ya filamu inapwaya kwa kumkosa. Hata hivyo haikuwa na njia nyingine ya kuwa mkweli kwa ilichokianza. Ukimwua Newt bila sababu kisha ukamhifadhi Clemens kwa sababu ametubu, umeshasema mtoto alikuwa na deni.

Kwenye sayari ile hakuna bunduki hata moja. Wana mashoka, mienge, milango na miguu. Waliobaki ni wauaji na wabakaji, na Dillon hafichi hilo wala hajifichi yeye mwenyewe. Anamwambia Ripley waziwazi alichowafanyia wanawake. Ripley anamwomba amuue ili malkia aliyemo kifuani mwake afe naye. Dillon anakataa mpaka dude la nje lishughulikiwe kwanza. Kisha anawakusanya wafungwa na kuwaambia jambo lisilo na utamu wowote: kufa mtakufa, shauri lililobaki ni mtakufa mmesimama au mmepiga magoti. Hakuna anayewaahidi msamaha wala meli ya kuwachukua. Kampuni, ile yenye gereza na inayotaka kulifanya dude silaha, iko njiani, na inamtaka malkia, haiwataki wao. Watu ambao dunia imewatupa wanaamua kuifanyia dunia hiyohiyo wema ambao haitaujua kamwe. Mpango wao wa kulichoma dude kwa risasi iliyoyeyuka umepigwa picha ovyo, nimeshakiri. Sababu ya kuutekeleza ina nguvu kuliko sababu yoyote ya kivita iliyowahi kutolewa na mfululizo huu.

Kwa hiyo stelingi anapokufa, mwisho haukutoka hewani. Anakuja mtu wa Kampuni mwenye sura ya Bishop, anampa Ripley maneno matamu: tutamtoa huyo malkia salama, utaishi, unaweza hata kupata watoto. Ni palepale kwenye kidonda cha Newt anapobonyeza. Ripley anaonyesha kama anasita, kisha anajiachia kinyumenyume kwenye tanuri. Kama Newt angekuwa hai, ule mtego ungekuwa na mlango wa kutokea, na kujitupa kwake kungekuwa ushujaa wa bure. Alien: Resurrection ya 1997 ilimrudisha kwa kumnakili kutokana na damu yake, miaka 200 baadaye. Nimeitazama, ina vichekesho vyake, tuishie hapo.

Limebaki suala la toleo, maana mabishano mengi ni ya watu wawili wanaozungumzia filamu mbili tofauti. Mwaka 2003, ilipotoka seti ya DVD ya filamu zote nne za mwanzo, liliwekwa toleo refu lililokusanywa kufuatana na uhariri wa awali, lenye karibu nusu saa zaidi. Fincher alialikwa kushiriki akakataa. Toleo hilo linarekebisha baadhi ya ile miguu. Wafungwa wanapata nafasi ya kuwa watu, na Golic, yule mwenye kichaa anayeigizwa na Paul McGann, anapata hadithi kamili: wenzake wanafanikiwa kulifungia dude, naye anakwenda kulifungulia kwa sababu ameanza kuliabudu. Kwenye toleo la sinema Golic anatoweka tu, na huulizi kwa sababu umeshamsahau. Wazo la watawa wa Ward lilijificha humo miaka yote.

Zile diski za filamu kumi kwa moja zilizojaa madukani Mtwara na Masasi nilizowahi kukutana nazo zilikuwa na toleo fupi, la dakika 115 hivi, kwa hiyo hilo ndilo wengi wetu tulilolitazama, likitafsiriwa na sauti ya mtu aliyekuwa na haraka ya kufika kwenye kupigana. Ukienda kuwekewa muvi kwenye flashi, angalia mambo mawili tu. Dude likitoka kwenye mbwa, hilo ni toleo fupi; likitoka kwenye ng'ombe dume, ni refu. Na mwishoni kabisa, kwenye fupi malkia anapasua kifua cha Ripley wakati anaanguka, naye anamkumbatia asitoke. Kwenye refu hakuna kitu kinachotoka: anaanguka peke yake, mikono imetanuka, macho yamefumba. Wengi wanapenda lile la kwanza kwa kuwa lina dude. Mimi nachukua la pili. Kwenye la kwanza alikuwa anakufa sekunde ileile hata asingeruka. Kwenye la pili ameruka kwa sababu ameamua.